Likizo ya Juni ufukweni Unguja: maswali ya walimu wa kujitolea kutoka nchi jirani

Mimi ni Mkenya wa Kakamega. Nilijitolea kufundisha jiografia katika shule ya sekondari mkoani Singida, na kila mwaka ukifika Mei simu yangu hujaa ujumbe wa walimu wapya, Wakenya, Waganda, Warundi, Wanyarwanda na Wakongo waliotawanyika Dodoma, Tabora na Manyara. Wote wanauliza yaleyale: shule zinafungwa, tuko mbali na nyumbani, posho ni ndogo, tunataka kuiona bahari. Nimeyakusanya maswali hapa ili nisiandike jibu moja mara kumi.

KABLA YA KUFUNGA BEGI

Likizo huanza lini, na je, Juni ni wakati mzuri?

Mwaka wa shule Tanzania bara una mihula miwili mikubwa. Mapumziko marefu ya katikati ya mwaka huanza mapema Juni na kwisha mapema Julai, mengine ni Desemba. Zipo pia likizo fupi kati ya muhula, lakini ukitokea Singida siku zake huishia njiani.

Juni ni nzuri. Masika imekwisha, jua si kali kama la Januari, na upepo wa kusi unapoza hewa. Kasoro ni huyohuyo kusi: huchafua bahari upande wa mashariki wa kisiwa na kuitikisa boti ya kutoka Dar. Desemba upepo huwa wa kaskazi, joto hupanda, na bei za vyumba nazo hupanda kwa ajili ya wageni wa Krismasi. Kwa mfuko wa mwalimu wa kujitolea, nenda Juni, tena wiki mbili za mwanzo, kabla umati wa Julai haujafika.

Mimi ni raia wa Afrika Mashariki. Nahitaji pasipoti kwenda Zanzibar?

Ndiyo. Zanzibar ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano, lakini ina ukaguzi wake wa uhamiaji bandarini, na asiye Mtanzania hupita dirisha la wageni. Ule utaratibu wa kuvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa kati ya Kenya, Uganda na Rwanda usikudanganye, Tanzania haimo. Beba pasipoti yenyewe, kibali chako cha ukaazi (wengi wetu tunacho cha daraja C, kinachotolewa kwa watu wa kujitolea, wanafunzi, watafiti na wamisionari), na kadi ya njano ya chanjo.

Ongeza barua ya mkuu wa shule, yenye muhuri, inayosema wewe ni mwalimu pale na uko likizoni. Hakuna sheria niijuayo inayoidai. Ila mara mbili imenifupishia maelezo dirishani, na karatasi yenyewe haina uzito.

Na ile bima ya dola 44?

Tangu 1 Oktoba 2024 wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar hutakiwa kukata bima ya safari kwa dola 44. Kwa posho zetu hiyo si hela ya kupuuza. Uliza ofisi ya bima au uhamiaji kuhusu mwenye kibali cha ukaazi cha bara kabla ya kukata tiketi ya boti, wakutajie msimamo wa mwaka huo. Usiulize kwenye foleni, maana ukiwa kwenye foleni huna la kubishana.

NJIANI

Nitafikaje kutoka bara bila kuchoka hadi nishindwe kuogelea?

Zamani Singida hadi Dar ilikuwa basi, siku nzima, kilomita kama 700. Siku hizi napanda basi asubuhi hadi Dodoma, halafu treni ya umeme ya SGR. Safari za Dar na Dodoma zilianza Julai 2024, nauli ya treni ya kawaida ikiwa shilingi 31,000, na unafika kwa muda wa chini ya nusu ya ule wa basi. Kata tiketi mapema. Wiki ambayo shule zinafungwa, kila mwalimu na kila mwanafunzi wa bweni yuko safarini.

Lala Dar usiku mmoja. Ukitaka kuunganisha treni na boti siku hiyohiyo utakimbia na begi barabara ya Sokoine ukitoka jasho, uione boti ikiondoka. Nimeyafanya hayo.

Boti ni bei gani?

Kuna nauli ya wakaazi na nauli ya wageni. Ya mgeni kwa daraja la kawaida kwa miaka mingi imezunguka dola 35, ya mkaazi ni ndogo kwa mbali. Onyesha kibali chako dirishani *kabla* hujalipa, si baada. Kata tiketi kwenye ofisi ya kampuni yenyewe, umpite yule kijana wa barabarani anayekuita "mjomba" na kukuambia ofisi imefungwa. Haijafungwa.

Safari ya boti ya mwendo kasi ni kama saa mbili. Mwezi Juni kaa sehemu ya chini, nyuma, karibu na katikati, ambako mtikisiko ni mdogo. Usipande tumbo tupu wala tumbo lililojaa. Mifuko ya kutapikia hugawiwa, ipokee bila kujivuna. Mwalimu mwenzangu wa fizikia alikataa, akasema yeye amezaliwa kando ya Ziwa Victoria. Dakika arobaini baadaye aliazima wangu.

Nikishuka bandarini Malindi nitafanya nini?

Tembea. Watakujia papasi, ndivyo wenyeji wanavyowaita vijana wanaowaganda wageni bandarini na ufukweni, na jina ni la mdudu mnyonya damu wa jamii ya kupe. Si watu wabaya, wanatafuta kamisheni. Wajibu kwa Kiswahili, kwa utulivu: "Ahsante kaka, mimi mwalimu, naenda shamba kwa jamaa." Mtu anayesema "shamba" anajua mambo, kwa sababu Unguja kila kilicho nje ya mji huitwa shamba, hata ufukwe wenye hoteli za nyota tano.

Gari za shamba ni daladala. Namba 309 huenda Jambiani kupitia Paje, 116 huenda Nungwi. Vituo mjini vimekuwa vikihamishwahamishwa, kwa hiyo ulizia namba, usiulizie mahali. Nauli ni shilingi elfu chache, ukilinganisha na teksi ambayo itakula posho ya wiki. Utabanana na magunia ya unga na kuku, na kwa kawaida safari ya Paje huchukua saa moja na nusu hadi mbili.

BAHARI YENYEWE

Nimefika Paje saa nne asubuhi na bahari haipo. Imeenda wapi?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu na mimi nililiuliza kwa mdomo huuhuu.

Siku yangu ya kwanza Paje niliamka, nikanywa chai, nikatoka na taulo begani. Mbele yangu palikuwa na uwanja: mchanga, vidimbwi, majani, ngalawa zimelala ubavu, na mawimbi yakivunjika kwenye mwamba huko mbali kama mstari wa chaki. Nikasema basi, nitayafuata maji. Nikatembea kwa ndala karibu nusu saa. Katikati nikakuta kina mama wameinama kwenye mashamba ya mwani, majani ya baharini: vijiti vimechomekwa mchangani, kamba zimefungwa toka kijiti hadi kijiti, na mwani umening'inia kwenye kamba. Nikawaamkia, wakaitikia, nikaendelea. Niliporudi, zile ndala nilikuwa nimezishika mkononi na maji yalinifika kifuani. Bibi mmoja aliyekuwa akirudi na gunia lake kichwani aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia, mwalimu. "Wa nini?" Wa jiografia. Alicheka hadi gunia likayumba.

Nilikuwa nimechora mwezi, jua na dunia ubaoni wiki tatu tu kabla ya hapo, na mishale ya mvutano nikaiweka kwa chaki ya rangi.

Jinsi ilivyo ni hivi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika kama 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja: hiyo ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti yake Unguja hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, mivuto inapingana: hayo ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Kwa Unguja siku za bamvua maji hukauka kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Kwa hiyo ukiuona mwezi mpevu usiku, panga kuogelea alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume, asubuhi inafaa.

Kwa hiyo nichague ufukwe upi?

Ukitaka kuogelea saa yoyote, nenda kaskazini: Nungwi na Kendwa. Kule kina kipo karibu, maji hayakimbii mbali, na jua huzama baharini. Gharama yake ni kelele na bei.

Mashariki, yaani Paje, Bwejuu, Jambiani na Matemwe, bahari ina ratiba yake, na mimi ndiko ninakorudi kila mara. Jambiani ni kijiji kwanza, ufukwe baadaye. Watoto wanatoka madrasa, wavuvi wanatengeneza nyavu, na maji yakipwa unaona kazi ambayo ufukweni Nungwi huioni. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo wakulima wake wengi ni wanawake. Kaa siku tano uone bamvua ikielekea kuwa maji mafu.

Sijui kuogelea. Nisije?

Njoo. Wengi wetu wa bara hatujui. Kati ya ufukwe na mwamba, upande wa mashariki, maji yakiwa nusu ni ya kiunoni na hayana mawimbi makubwa. Mambo matatu tu: usiingie peke yako, usivuke kwenda kwenye mlango wa mwamba ambako maji hutoka kwa kasi, na ukipanda ngalawa omba jaketi la kuokolea kabla haijasukumwa majini. Nahodha akikwambia "hakuna shida" badala ya kukupa jaketi, shuka.

Vaa viatu vya plastiki. Kuna mnyama wa miiba mirefu myeusi, mviringo kama chungwa, hukaa kwenye mawe na majani. Mwiba wake hukatikia ndani ya nyayo. Mimi niling'olewa minne na kijana wa gesti kwa sindano na utomvu wa papai, siku ileile niliyoifuata bahari kule Paje.

Ngozi yangu nyeusi, nayo inaungua?

Inaungua. Upepo wa kusi unakupoza, huhisi kitu, na jioni mabega hayagusiki. Shati la mikono mirefu ni rahisi kuliko krimu.

KULA, KULALA NA KUSEMA

Nitalala wapi kwa bei ya mwalimu?

Tafuta gesti za kijijini, safu ya pili au ya tatu kutoka majini. Mita mia mbili nyuma ya ufukwe bei inaweza kushuka hadi nusu. Uliza bei ya siku tano kwa pamoja, taja kwamba wewe ni mwalimu na unaishi Tanzania, na uliza kama unaweza kutumia jiko.

Wakenya, angalieni neno "hoteli". Kwetu hoteli ni pale tunapokunywa chai na chapati. Huku hoteli ni mahali pa kulala. Ukiuliza hoteli ya bei nafuu kwa ajili ya chakula cha mchana utapelekwa mapokezi na kuulizwa unakaa siku ngapi. Sema mgahawa, au ulizia wanakouza wali.

Nile nini, na pesa nitazitoa wapi?

Mjini, kula urojo mchana kwenye vibanda vya uchochoroni: mchuzi mzito wa ukwaju na embe, bhajia, kachori, viazi, chipsi za muhogo juu, pilipili kwa hiari yako. Forodhani, bustani ya vyakula kando ya bahari, nenda usiku ukaone na unywe juisi ya miwa, lakini ulizia bei ya kila mshikaki kabla haujawekwa kwenye sahani. Shamba, subiri wavuvi warudi, nunua samaki aina ya changu au pweza pale mchangani, umpe mwenye jiko akupikie kwa nazi.

Toa pesa mjini kabla ya kupanda daladala. Vijijini kuna mawakala wa pesa za simu, lakini wakala naye huishiwa. Na laini yako ya M-Pesa ya Kenya si ile ya Tanzania, japo jina ni moja. Weka akiba kwenye laini ya Tanzania kabla ya safari.

Mimi nazungumza Kiswahili tangu utoto. Kwa nini wanacheka?

Kwa sababu ulisema "nipatie maji". Nairobi hiyo ni adabu tosha. Unguja inasikika kama amri ya askari. Sema "naomba maji". Anza na salamu, ya kweli, si ya kupita: hujambo, habari za asubuhi, za nyumbani. Mzee mpe shikamoo na usubiri marahaba. Mlangoni piga hodi hata kama mlango uko wazi. Ukiingia na "assalaam alaykum", hata wewe usiye Mwislamu, utajibiwa kwa furaha.

Baada ya siku tatu nilianza kuokota maneno ambayo vitabu vyetu vya shule vilitufundisha kwa mtihani tu. Bamvua ilikuwa msamiati wa kukariri. Sasa nimeiona ikinifika kifuani.

Nivae nini?

Ufukweni mwa hoteli, nguo za kuogelea. Ukitoka hapo, hata kwenda kununua soda, funika mabega na magoti, wanaume pia. Kanga moja begini inatatua yote: taulo, shuka, sketi, pazia la dirisha la gesti. Ukiwa huko mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa barabarani mchana, na migahawa mingi ya shamba itakuwa imefungwa hadi magharibi.

Mimi ni dada, nasafiri peke yangu. Ni salama?

Wenzangu wa kike waliokwenda peke yao wote walirudi na maneno mawili: usalama upo, usumbufu upo. Usumbufu ni wa papasi wa ufukweni (kwa jibu la kuwapa, tazama swali la bandari ya Malindi). Kaa kwenye gesti inayosimamiwa na familia, mfahamu mama mwenye nyumba siku ya kwanza, mwambie unakokwenda. Kijana akikufuata, ukitaja jina la yule mama tu, hadithi hubadilika. Usiku usitembee ufukweni peke yako. Hili ni kwa wanaume pia.

HALI ZISIZO ZA KAWAIDA

Mwenye hoteli ameniomba nifundishe watoto wake Kiingereza wiki mbili, kwa malipo. Nikubali?

Hapana. Kibali chetu ni cha kujitolea katika taasisi iliyotajwa humo. Kazi ya malipo, hata ya wiki mbili, tena likizoni, ni nje ya kibali, na matatizo yake yataangukia hata shule iliyokualika. Kukaa na watoto wa jirani jioni mkisoma kwa furaha ni jambo jingine.

Nimepoteza pasipoti huko shamba.

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu siku hiyohiyo upate ripoti ya upotevu, kisha uhamiaji mjini, kisha ubalozi wako Dar es Salaam. Piga picha ya pasipoti na kibali leo, uzihifadhi kwenye simu na kwa mwalimu mwenzako. Barua ya mkuu wa shule niliyoitaja mwanzo hapo ndipo inapopata kazi.

Sina hela ya Zanzibar kabisa. Kuna pwani nyingine?

Ipo ndefu. Bagamoyo iko karibu na Dar, unaweza kwenda na kurudi siku moja. Walio Arusha na Moshi, teremkeni Tanga, kisha Pangani: mto unaingia baharini, mji wa kale umelala, na kusini yake kuna Ushongo, mchanga mtupu na minazi. Hakuna boti ya kuvuka bahari, hakuna dirisha la uhamiaji. Mkenya aliye Tanga anaweza hata kuvuka Horohoro akapumzike Mombasa kwa shangazi, ambako chakula ni bure.

Walio Kigoma msisumbuke. Ziwa Tanganyika lina fukwe na maji ya kuonekana hadi chini. Kule Mwanza na Musoma ziwa ni zuri kwa macho, ila kichocho kipo, msioge kwenye majani.

Naweza kuwachukulia wanafunzi makombe na matumbawe?

Acha. Matumbawe na makombe si ya kuondoka nayo, na ukikaguliwa bandarini utaaibika.

Mimi huchukua chupa ya lita moja ya maji ya bahari. Muhula ukifunguliwa nayamimina kwenye sinia pana, naliweka juani nyuma ya darasa, na kidato cha pili wanalilinda kwa zamu dhidi ya mbuzi. Siku ya tatu au ya nne hubaki ukoko mweupe, gramu kama 35. Mwaka wa kwanza kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hajawahi kufika hata Dodoma, aliukwangua kwa kidole akaulamba kabla sijasema lolote. Akakunja uso, akageukia wenzake: "Si mwalimu ametia chumvi ya dukani hapa?"